Nilivyotolewa Majini Duluti

Mwanangu Ndeshi, mama yangu,

Najua ukiona mwandiko wangu utaiweka barua hii mezani kwanza, utafute kazi nyingine ya kufanya, ndipo uirudie. Fanya hivyo, sina haraka. Simu zangu hupokei na meseji unasoma tu, basi nimechukua kalamu kama watu wa zamani. Kuna jambo nataka kukiri kwako. Lakini siwezi kulifikia bila kukueleza kwanza nilivyotolewa majini Jumamosi iliyopita, watu wakinitazama.

Siku ya mashindano ya shule yenu hujaisahau, wala mimi. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Ulianza vizuri, wa pili kutoka kushoto, nikawa napiga makofi hadi viganja vinauma. Katikati ya bwawa ukashika kamba inayotenganisha waogeleaji, ukasimama pale unahema, kisha ukatoka. Nilikufikia maji yakiwa bado yanakuchuruzika. Nikakwambia mbele ya walimu na wenzako, "Umeniaibisha. Mwoga wewe." Unajua kwetu mtoto aliyebeba jina la bibi yake, baba hamtolei maneno ya hivyo, ndiyo maana tangu uzaliwe nakuita mama. Siku ile sikukuita mama. Tulirudi Makumira, na tangu uende chuo Mwanza hujakanyaga nyumbani, hata Krismasi.

Sasa nikwambie ukweli. Niliposikia kuna mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, yote asubuhi moja, yale wanayoyaita triathloni, sikujiandikisha kwa ajili ya afya. Nilitaka nipigwe picha nikiwa na medali shingoni, nikutumie bila neno lolote. Uone kwamba mzee wa miaka arobaini na nane, mtoto wa migombani, ameweza. Hiyo ndiyo nia niliyoingia nayo majini, na naona aibu kuiandika.

Baiskeli haikunitisha, kwa vilima hivi vyetu. Kukimbia nako nilikuwa nako tangu ujana. Kazi ilikuwa maji. Rafiki yangu mmoja mwenye shamba la nyanya Nduruma aliniruhusu kutumia bwawa lake la kumwagilia, lile la mraba lililotandikwa plastiki nyeusi. Kutoka ukingo hadi ukingo nilikuwa napiga mikono ishirini na sita. Kwa miezi mitano nilifanya hivyo hivyo, nahesabu, nageuka, nahesabu, nageuka. Wafanyakazi wa shamba walikuwa wakiniuliza kama kuna kitu nimeangusha humo. Niliwaona hawajui michezo.

Jumamosi asubuhi Ziwa Duluti lilikuwa limefunikwa na ukungu, hata ile miti ya upande wa pili haionekani vizuri. Mama yako alikuja na chupa ya uji. Wazee wa kanisa wenzangu walikuja wanne, maana nilikuwa nimetangaza kila mahali, hadi kwenye kwaya. Tukavalishwa kofia nyekundu, tukaelezwa sheria. Unaogelea hadi boya la njano, unalizunguka, unarudi. Ukizidiwa, inua mkono, kayaki, ile mitumbwi midogo ya waokoaji, itakuja. Asiyetoka ndani ya muda anaondolewa. Nilisikia habari ya mkono nikatabasamu, nikaona hiyo ni ya watoto.

Filimbi ikalia. Mama, yale maji ni baridi! Kifua kilibana, pumzi ikawa inaingia nusu tu. Nikajikaza, nikaanza kuhesabu kama nilivyozoea. Ishirini na nne, ishirini na tano, ishirini na sita. Na mwili ukageuka.

Sikuuambia ugeuke. Uligeuka wenyewe, kama ng'ombe anavyokata kona ya zizini, kwa sababu miezi mitano uligeukia hapo. Nikakutana uso kwa uso na watu waliokuwa nyuma yangu. Kiwiko cha mtu kikanipiga, miwani ya kuogelea ikahama, maji yakajaa macho na pua. Nilipoinua kichwa nitafute njia, sikuona boya. Unalijua lile ziwa, msitu umelizunguka pande zote na ukiwa katikati kila upande unafanana. Nikaogelea nikidhani naenda mbele. Nikafika ishirini na sita, nikageuka tena!

Hapo ndipo hofu ilinishika kabisa. Nilitafuta ukingo wa kushika kwa vidole, hakuna. Nilitafuta chini kwa miguu, hakuna. Nikanywa funda la kwanza, nikanywa la pili, na sikuinua mkono. Nakuapia, sikuwa nawaza kufa. Nilikuwa nawaza wale wazee wanne wenye makoti pale ufukweni, na nitakavyopita mbele yao. Nilikuwa tayari kuzama ili nisionekane nikitolewa. Mama yako angebaki mjane kwa sababu ya aibu yangu.

Funda la tatu lilikwenda kifuani badala ya tumboni. Mkono ukapanda.

Kayaki ikaja, ndani yake binti wa umri wako. Akaniangalia nilivyokuwa napiga maji ovyo, akasema, "Shikamoo mzee."

Nilikuwa nakohoa maji ya ziwa, nikamwitikia, "Marahaba."

"Shika hapa mbele. Usipande, shika tu. Pumua taratibu. Ulikuwa unaenda wapi?"

"Kwenye boya."

"Boya liko nyuma yako, mzee wangu. Mbali."

Nilishika ile kayaki kwa mikono yote miwili kama mtoto aliyeshika nguo ya mama yake sokoni. Nilijaribu kuiachia, vidole vikakataa. Nikajaribu tena, vikakataa. Na nilipokuwa pale nahema nikakuona, Ndeshi. Nikaiona mikono yako juu ya ile kamba na macho yako yakinitafuta mimi kwenye viti. Nilidhani siku zote kwamba ulikuwa unatafuta pa kutokea. Ulikuwa unanitafuta mimi.

Muda ukaisha nikiwa nimeshika. Wakanivuta hadi ufukweni. Wazee wale wakatazama pembeni kwa heshima, jambo lililoniuma kuliko kama wangecheka. Mama yako alinifunika kitenge mabegani, akanimiminia uji, akakaa karibu nami hadi nilipoacha kutetemeka. Nilimwangalia nikajiuliza kwa nini mimi sikukufunika hata taulo.

Nikaanza kutafuta viatu twende nyumbani. Msimamizi mmoja akanifuata. "Mzee, baiskeli yako ipo. Matokeo hutapata, lakini hatujamkataza mtu kuendelea."

"Nimeshatolewa," nikamjibu. "Ukitolewa umetolewa."

"Nani kasema?"

Nilipanda baiskeli, nikaenda peke yangu hadi kule wanakogeuzia, nikarudi na upepo wa uso na vumbi mdomoni, kisha nikakimbia katikati ya kahawa miguu ikiwa haina nguvu kabisa. Nilipofika mwisho walikuwa wanakunja mahema. Hakuna medali. Mama yako peke yake alipiga makofi. Nililia, mwanangu, na si kwa uchovu.

Nililia kwa sababu yako. Siku ile wewe nawe ulikuwa na mbio nyingine. Uliniambia ukiwa umeshika mlango wa gari, "Baba, bado kuna shindano la mita hamsini, naomba nirudi." Nikakwambia nimeongea na mwalimu, wamekufuta. Sikuongea na mwalimu yeyote. Hakuna aliyekufuta. Tulipofika getini nilisikia spika ikiita jina lako, mara ya kwanza na mara ya pili, nikaongeza sauti ya redio. Wewe ulikuwa unalia, sijui kama ulisikia. Nyumbani nikamwambia mama yako kwamba umekataa mwenyewe kuendelea, na miaka yote hii ameamini hivyo, na hata kukusema amekusema.

Jumapili baada ya ibada nilimweleza yote. Hajaongea nami tangu hapo, ila chakula ananiwekea. Ana haki. Nawe usinihurumie kwa habari za ziwa, sikukuandikia ili unihurumie. Ulitaka kurudi majini, mama, na mimi ndiye niliyefunga mlango wa gari.

Nisamehe siku utakayoweza. Kama haitafika, ujue tu kwamba walikuita.

Baba yako