Mume Wangu Anapiga Firimbi Umeme Ukipanda Bei

Mama Goreth wetu, nakusalimia kwa heshima zote, na kabla ya yote nakuomba usinicheke mpaka ufike mwisho wa barua. Jina langu usilifiche, liandike tu, Orpha, Mama Arlène, wa Bertrams hapa Joburg, maana habari hii mtaa mzima wanayo, mimi peke yangu ndiye sijaisimulia kwa kinywa changu.

Mimi nasuka na kunyoosha nywele nyumbani, katika chumba cha mbele, na wateja wangu karibu wote ni wanawake wa kazi, wanatoka madukani na maofisini jioni, wanapita kwangu, wanakuta maji yamechemka na mashine ya kukaushia inawasubiri. Bwana wangu Gaston ni mlinzi wa jengo moja kule Marshalltown, anaingia asubuhi anatoka jioni, mtu mwema, hanywi, hagombani na mtu, ila umeme ulipopanda bei tena mwaka huu akabadilika, tukawa tunanunua tokeni leo, kesho kutwa mita inalia kama mtoto mwenye njaa, na Gaston akawa anaiangalia mita kuliko anavyoniangalia mimi.

Sasa kazini kuna mwenzake mmoja akamwambia kwamba yeye amehamia bei ya masaa, yaani umeme hauna tena bei moja, asubuhi watu wanapoamka na jioni wanaporudi ni ghali, mchana na usiku ni nafuu. Gaston akarudi nyumbani uso unang'aa, akaniambia, "Mama Arlène, kumbe tulikuwa tunaumia bure! Tatizo si umeme, tatizo ni saa." Mita iko kwa jina langu kwa sababu karatasi zangu za ukimbizi zilitoka kabla ya zake, kwa hiyo aliyesaini ni mimi, nikasaini mkono mmoja, mkono wa pili umeshika nywele za mtu, wala sikuuliza swali.

Mama Goreth, wiki ileile akaja na firimbi ya kazini. Masaa ya ghali yakianza, pyuuu! Hapo birika linazimwa, pasi inazimwa, hita inazimwa na baridi hii ya Joburg unayoijua, jiko linazimwa, tunakula bugali uliosongwa mchana ambao umeshakuwa mgumu kama sabuni ya kufulia, na binti yetu Arlène, huyu aliyezaliwa hapa, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, siku hiyo kwa mara ya kwanza akanijibu kwa Kiswahili, akasema, "Eish Mama, load-shedding ya Papa imeanza." Yaani mgao wa umeme, ila wa baba yake! Mimi nilicheka. Gaston hakucheka.

Ningevumilia, lakini ikaja siku ya Murielle. Huyu ni msichana wa kwaya yetu, kesho yake wakwe walikuwa wanakuja kwao kumwona, nami nilikuwa nimemnyoosha upande mmoja, umelala vizuri kama hariri, upande wa pili bado umelowa na umesimama wima, ndipo Gaston akaingia kutoka kazini, akatazama saa, akapiga firimbi. Nikamwambia, "Papa Arlène, kidogo tu, umebaki upande mmoja." Akanijibu, "Huo mmoja ndio unaomaliza uniti." Akasimama mbele ya swichi kama anavyosimama getini. Murielle akamwambia karibu kulia, "Papa, kesho wakwe zangu wanakuja." Akamwambia, "Wakwe wazuri hawaangalii nywele, binti yangu." Msichana akajifunga kitambaa akaondoka, na Jumapili wanakwaya wote walikuwa wanajua kwamba kwa Mama Arlène unaingia mzima unatoka nusu. Wateja wakaanza kwenda Jeppestown.

Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Jirani yetu Twalib, Mtanzania mwenye spaza, kale kaduka ka mtaani, ukuta wake na wetu ni mmoja, naye yuko kwenye bei ya kawaida. Nikapatana naye, nikapitisha waya mrefu juu ya ukuta, ukaingia kwa dirisha la jikoni, chini ya zulia, hadi kwenye mashine yangu, wateja wengine wakarudi, na Gaston alipouliza mbona inaunguruma masaa ya ghali nikamwambia nimenunua mashine ya betri. Akafurahi sana! Akaisifu hadi kazini kwao. Jioni zote hizo anakaa kwenye kiti chake anaisikiliza ile mashine, anatabasamu, na mimi nausukuma waya kwa mguu chini ya zulia.

Jumamosi iliyopita akaamua kufagia uani, akauona waya. Akaufuata. Ukamtoa dirishani, ukampandisha ukutani, ukamwingiza dukani kwa Twalib hadi nyuma ya magunia ya unga. Akarudi, chumba kimejaa wateja, akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "Miaka yote hii, leo nakuta mashine ya mke wangu imechomekwa kwa mwanaume mwingine." Wateja walicheka hadi mmoja akaanguka kutoka kitini. Yeye hakuwa anatania. Tangu siku hiyo analala kwenye kochi, hamsalimii Twalib, mkate anaufuata kwenye spaza ya mbali kuvuka robot mbili, zile taa za barabarani, na chakula changu anakinusa kwanza, ananiuliza, "Hiki kimepikwa na umeme wa nani?"

Mama, mita iko kwa jina langu. Je, niende kimyakimya nirudishe bei ya zamani? Au nifunge saluni nibaki na ndoa yangu? Namba ya Gaston nimeiandika nyuma ya bahasha, sijui kwa nini.

Orpha, Mama Arlène
Bertrams

MAMA GORETH ANAJIBU:

Mama Arlène, uliniomba nisicheke, nami nilijikaza hadi pale kwenye magunia ya unga. Nisamehe. Pole sana kwa baridi, kwa bugali na kwa wateja waliohama. Pole zimeisha, sasa nikugombeze.

Kwanza, chomoa huo waya. Usisubiri kumaliza ukurasa huu. Waya chini ya zulia, karibu na jikoni, katika nyumba yenye maji na nywele na mtoto, ni moto unaotafuta siku yake. Mlipe Twalib haki yake, mshukuru, na usimwingize tena kwenye mambo ya chumbani kwako. Maskini yule anauza unga tu.

Pili, namba uliiandika kwa sababu ulitaka nimpigie. Nilimpigia.

"Mimi ni Mama Goreth wa gazeti," nikamwambia.

"Ameshakuandikia," akasema.

"Ameandika."

"Na ile ya Murielle ameiandika?"

"Yote."

"Ile nilikosea, mama. Nilitaka kurudi nyuma, lakini firimbi nilikuwa nimeshaipiga."

Nikamuuliza swali ambalo ninyi wawili mlipaswa kuulizana tangu mwanzo. "Gharama ya umeme ilishuka kweli?"

"Ilishuka!" Akachangamka.

"Na mapato ya mke wako?"

"Nayo yalishuka."

"Huyo mwenzako aliyekupa habari ya bei ya masaa, anaishi na nani?"

"Peke yake. Jioni anakula kwa dada yake."

"Basi Papa Arlène, aliyehamia bei ya masaa ni yeye, anayelipa jioni ni dada yake!"

Alicheka, Mama Arlène. Nakuapia alicheka. Kisha akaniambia maneno ambayo hukuyaweka katika barua yako, nadhani kwa sababu hukuyajua. Alisema, "Mimi nafungua geti mchana kutwa, watu wanapita hawanitazami usoni. Nilipopata hii ya masaa nikasema leo na mimi nimeokoa nyumba yangu. Ile mashine ya betri nilijivunia mke wangu mbele ya wenzangu. Sasa wananiuliza inauzwa wapi." Umemsikia? Waya haukumuumiza. Kilichomuumiza ni betri. Uliona heri kumwomba jirani umeme kuliko kumwambia mumeo kwamba wateja wanakukimbia, na yeye aliona heri kupiga firimbi kuliko kukuuliza kazi inakwendaje. Nyote wawili mnanichosha.

Sasa tuzungumze umeme. Bei ya masaa yenyewe si mbaya. Inamfaa mzee anayeshinda nyumbani mchana, inamfaa anayefua na kupika wakati wengine wako kazini, inamfaa yule mwenzake Gaston asiyewasha kitu jioni. Wewe riziki yako inapatikana jioni, na baridi ikizidi ndipo masaa hayo yanauma zaidi. Nyumba yenu kwa sura ilivyo naona inataka bei moja. Lakini mimi naona kwa barua, sijaona mita yenu, kwa hiyo usiende kusaini tena mkono mmoja! Nendeni wawili kaunta ya ofisi ya umeme. Ulizeni kila mpango una ada gani ya mwezi hata usipowasha taa. Ulizeni kama kurudi kunaruhusiwa, na ukisharudi utakaa muda gani kabla ya kubadilisha tena. Mwenye nyumba naye aambiwe. Msipoelewa jibu, ulizeni tena, hawawafukuzi.

Na wakati mnasubiri, tumieni akili mliyo nayo. Maji ya kuoga yachemshwe mchana na tangi la maji moto lizimwe jioni. Bugali upikwe kwa gesi, mtungi mdogo unatosha, mle chakula laini kama watu. Jioni chukua wanaosuka, vidole havina mita, na wa kunyoosha uwape Jumamosi mchana. Atakayetaka kunyooshwa jioni lazima, mwongezee bei na umweleze kwa nini. Murielle mwite umtengeneze pande zote mbili bure, na Gaston amfungulie mlango na kumwomba radhi. Amenikubalia hilo. Wakwe, nimeulizia, walimpenda hata na kitambaa.

Kwenda kimyakimya kubadilisha mpango, hapana. Kufunga saluni, hapana kabisa. Mwambie Gaston kwamba uliogopa, umwambie ile ya betri ulikosea, kisha nyamaza umsikilize hata akirefusha, maana atarefusha. Nilipomuuliza kama atakwenda nawe kaunta akasema, "Nitakwenda. Ila aniambie mwenyewe, nisiisome gazetini." Nimemwahidi kwamba utamwambia. Naye ameniahidi hatalinunua toleo hili mpaka mzungumze, lakini pale getini watu wanaacha magazeti yao kila asubuhi, na mlinzi huwa anasoma. Mpigie sasa hivi.