Nella na Timbre ya Mamba

Ngagara, Quartier 4, tarehe 6 Februari 2000

Kwako dada Mathilde,

Nakusalimu huko Kigoma, wewe na magoti yako. Sisi wazima, mi nimenenepa, vita imeshindwa kunikondesha.

Barua yako amenipa mukononi Massoudi, yule mufanyabiashara anayetubebea barua. Unasema ukisikia tena Nella anaokota maganda ya risasi barabarani, utakuja kumuchukua mutoto wako. Dada, tulia. Dawa nimepata: timbre, zile stempu za barua! Mi niliyekaa Bruxelles (siku tisa, lakini nilikaa) niliona mabwana wazima wenye kofia wanazikusanya na kuzilinda kama kuku na vifaranga. Nella nimemununulia daftari. Shida moja tu: barua zako zote zinakuja na Massoudi, na Massoudi hana timbre kwenye paji la uso. Tuma kwa poste.

Ndugu yako mudogo anayeijua dunia,
Fortunat

Kigoma, 1 Machi 2000

Mudogo wangu Fortunat,

Hamujambo huko? Magoti yangu uyaache. Niko salama, kazi ya jikoni pale misheni inaendelea.

Nimebandika timbre saba, anwani ikakosa pa kukaa. Karani akaniuliza kama hii ni barua ama blanketi ya viraka. Lakini neno langu ni lile lile: siku moja Nella ataokota kitu, kitamulipukia. Nikisikia, nakuja.

Dada yako mukubwa,
Mathilde

Ngagara, 9 Aprili 2000

Dada wangu,

Amani ya Bwana iwe kwako. Huku salama, risasi za wiki hii zilikuwa za mbali.

Bahasha imefika! Twiga, nyati, samaki! Mi kama fundi nikachukua wembe, nikakata yale meno-meno ya pembeni. Nilidhani ni uchafu wa mashine. Nella akalia siku mbili: "Mujomba, umeziua!" Kumbe timbre bila meno ni kama mi bila mudomo. Zimepona mbili tu, kwa sababu wembe uliisha makali. Lakini sikia: watoto kumi na nne wa mtaa wanashinda sebuleni kwangu wakiloweka bahasha ndani ya sufuria. Maharage yana ladha ya gundi, ndiyo, lakini maganda yote ya risasi wameyatupa chooni!

Sasa neno gumu. Nella anataka timbre ya mamba. Iko kwa Zénon, wanasoma pamoja mjini, ila bibi yake amekataza daftari isitoke nyumbani, na nyumbani ni Kinama, mtaa jirani tu. Unajua: tangu vita ilipotugawa mwaka wa tisini na tano, wa hapa hawaendi Kinama, na wa Kinama hawaji hapa. Nella anataka kwenda. Nikasema apana. Akaniangalia: "Mujomba, kumbe Kinama ni mbali kuliko Bruxelles?"

Watoto kumi na nne wakacheka. Dada, nitaenda mi mwenyewe, Jumamosi baada ya Pasaka.

Mudogo wako,
Fortunat

Kigoma, 27 Aprili 2000

Fortunat,

Salamu baadaye. Usiende! Barua hii nampa Massoudi mbio. Nilimuogopea mutoto, kumbe anayeokota hatari ni mujomba! Ukienda, nakuja kumuchukua Nella, na wewe nakuleta huku uoshe masufuria ya misheni.

Dada yako anayetetemeka

Ngagara, 3 Mei 2000

Dada Mathilde,

Pole na wasiwasi. Mi muzima, viungo vyote nimevihesabu. Massoudi alichelewa siku mbili. Nilikuwa nimekwisha kwenda.

Nilivaa cravate shingoni. Kwenye kizuizi askari akafungua daftari ya Nella, akapekua ukurasa kwa ukurasa, mwisho akauliza: "Twiga analiwa?" Nikapita. Bibi ya Zénon, mama Médiatrice, akanichungulia dirishani.

"We wa wapi? Unataka nini?"

"Wa Ngagara, mama. Nataka mamba."

Nikamuonyesha nyati yetu, tubadilishane.

"Umepita njia yote ile kwa kikaratasi hiki?" Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akanipa kiti, na ndizi. Mamba nimeleta.

Watoto waliniuliza kama niliogopa. Nikawaambia Kinama ni kama jikoni kwangu. Wewe nakuambia kweli: njiani nilikaa chini mara tatu, na sikuwa nimechoka.

Zénon anataka kuona timbre zetu. Bibi yake hakubali aje peke yake, basi watakuja wote wawili, mara ya kwanza wa Kinama kuja hapa kwa miaka mitano. Nella anafagia uwanja tangu jana.

Kwa hiyo ukitaka kumuchukua mutoto, njoo dada, ni haki yako. Ila usije Jumamosi. Jumamosi tuna wageni.

Ndugu yako mudogo,
Fortunat