Halwa ya Arobaini Yako

Shikamoo, Baba.

Najua marahaba sitaisikia, lakini hukunilea nianze maneno na mkubwa bila ya salamu. Juzi tumekusomea hitma ya arobaini. Watu walijaa mpaka kwenye baraza ya jirani, na halwa waliyokula niliipika mimi. Mimi Rukia, Baba, si fundi wa kuazima.

Ngoja nikuhadithie, maana haikuja kwa urahisi.

Wiki ya pili baada ya kukuzika, Ami Haji alikuja akakaa kwenye kiti chako, akasema halwa ya arobaini itaagizwa kwa fundi mmoja wa Darajani. Nikamuuliza kwa nini, na sufuria yako ya shaba ipo uani. Akasema, "Mwanamke hapiki halwa ya hitma, Rukia. Ikiharibika utatuaibisha mbele za watu." Mama yumo edani, haonani na wanaume, na hakutaka kubishana na shemeji yake. Na mimi nilimtilia kahawa tu, kwa sababu nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Miaka kumi na miwili nimesimama kando yako. Wanga nilichuja mimi, iliki nilitwanga mimi, zafarani niliroweka mimi. Lakini ile "toa!" ya kushusha sufuria motoni hukuniachia hata siku moja. Ulinisogeza kwa kiwiko, ukadondosha kidogo kwenye sahani, ukaiminya kwa kidole, ukasema mwenyewe. Iliniuma ukiwa hai na inaniuma sasa. Nakupenda, lakini nasema.

Basi Mungu akaniletea mteja. Mwanamke wa Meksiko, jina lake Lupita, anafundisha wapishi kwenye hoteli moja Kiwengwa. Aliingia dukani kwetu akitaka halwa ya kuweka kwenye meza ya mama yake. Nikamwambia amlete mama mwenyewe, aonje kwanza. Akasema mama yake ameshakufa.

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye wala hakukasirika. Kwa Kiswahili chake cha kuungaunga akanieleza kuwa kwao kuna siku za kuwakumbuka wafu kwa vitu vitamu. Wanaoka mikate ya sukari, wanapika maboga kwa sukari guru, na wanatengeneza mafuvu. Naam, Baba, mafuvu ya vichwa yaliyofinyangwa kwa sukari, yamepambwa maua, na jina la marehemu limeandikwa kwenye paji. Akanionesha picha kwenye simu. Nikasema audhubillahi, nikarudi nyuma mpaka nikagonga mizani. Akacheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu uondoke.

Mama yake alikuwa akipika kitu cha mapera, chekundu, kigumu, cha kukatwa kwa kisu. Huku hakukipata, na halwa ndiyo iliyomkumbusha. Akaniuliza wewe ulipenda tamutamu gani, nikuwekee na wewe sahani. Sikuitoa siri yako, kwamba fundi wa halwa wa Kiponda nzima alikuwa akijificha kula kashata za njugu. Nilimweleza tu kuwa sisi hatuwawekei wafu sahani. Tunawalisha walio hai, wanasoma, wanaomba dua, na tunamwomba Mungu thawabu ziwafikie. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi na nyinyi mnawakumbuka kwa sukari." Nikamkubalia, maana arobaini isiyo na halwa na kahawa mimi sijawahi kuiona.

Nikampikia kwenye sufuria ndogo, peke yangu. Nikaogopa kuunguza, nikashusha mapema, ikatandaa sahanini kama uji. Lupita akasema haidhuru, mama yake hatalalamika. Nikakataa katakata. Halwa mbichi haitoki mlango wetu, hata iwe ya marehemu wa Meksiko.

Nikaanza upya. Mara hii nilisubiri. Samli ikajitenga ukingoni, mwiko ukawa mzito, mkono ukaniwaka, moyo ukaniambia shusha nami nikauambia tulia. Nikadondosha kwenye sahani, nikaminya. Nikashusha. Papo hapo Mama akaita kutoka dirisha la juu, "Rukia, ishushe, nshaisikia harufu yake, ishakuwa!" Miaka yote hiyo ya ndoa, Baba, kumbe naye alikuwa akiisoma halwa yako kwa harufu.

Lupita akaondoka na halwa yake, na kesho yake Mama akamwita Ami. Akazungumza naye nyuma ya pazia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Halwa ya mume wangu itatoka kwenye sufuria ya mume wangu, na Rukia ndiye atakayeipika." Ami alikubali shingo upande. Hata kahawa hakunywa.

Siku ya arobaini Juma na Khamis, wakorogaji wako, walipokezana mwiko tangu asubuhi. Mimi nilisimama pale ulipokuwa ukisimama wewe. Niliposema "toa!" walitazamana kidogo, kisha wakaishusha.

Baada ya hitma nilikuwa nyuma ya mlango na sinia, halwa ikizunguka barazani. Nikasikia mzee mmoja akiuliza imepikwa na fundi gani. Nikajua Ami atalimeza swali hilo na kahawa yake. Akakohoa, akajibu kwa sauti iliyofika mpaka barazani kwa jirani, "Kaipika Fundi Rukia. Mtoto wa ndugu yangu."

Fundi, Baba! Na Ami Haji ndiye aliyelitamka. Nikaweka sinia chini nikalia, na sikulia kwa msiba. Msiba upo, kila nikifungua duka naukuta. Nililia kwa sababu nilijiona mkubwa, nikatamani unione.

Kwaheri, Baba yangu. Mungu alipanue kaburi lako na alitie nuru. Sufuria haiuzwi, na moto hautazimwa. Nakuahidi na jambo moja ambalo wewe hukunifanyia: atakayeshika mwiko baada yangu, sitangoja nife ndiyo aitwe fundi. Nitamwita mimi, kwa mdomo wangu, na watu wakisikia.

Mwanao,
Rukia