Watu Ishirini na Sita, Siku Moja ya Kuzaliwa

Mpendwa mshauri, kabla sijaomba msaada naomba nitoe shukrani, maana ukurasa wako mama watoto wangu hunisomea kila Jumamosi kibandani nikiwa nashona soli, na mara mbili umetupatanisha bila wewe kujua, ila leo zamu imenifikia mimi na yeye hajui kama naandika, kwa hiyo nakuomba usitaje jina langu wala mtaa wetu.

Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kiko kwenye kona kati ya duka la vipuri vya baiskeli na mlango wa nyuma wa kinyozi, na sisi ni watu wa kabila dogo, dogo kweli, ukitukusanya wote tuliopo mjini tunaenea kwenye ukumbi mmoja wa shule na viti vinabaki. Wazee wetu walishuka kutoka milimani wakiwa na lugha yao na watoto mgongoni lakini bila karatasi hata moja, kwa sababu kule mtu alizaliwa nyumbani, akapokelewa na bibi yake, ikaishia hapo. Sasa huku mjini kila mlango unadai karatasi, ukimpeleka mtoto shule karatasi, ukienda hospitali karatasi, na mzee wetu akifika dirishani anaulizwa haraka haraka kwa lugha asiyoimudu, na karani anaangalia saa, jina lake linaandikwa kivingine, waliopanga foleni nyuma wanacheka, basi anarudi nyumbani na kuapa kwamba hakanyagi tena pale.

Mimi nilibahatika kumaliza shule ya msingi na mwandiko wangu ni mzuri, hapo sijisifu, kila mtu anasema, ndiyo maana nikawa mjaza fomu wa watu wetu. Mtu analeta kiatu kimoja, ukitia mkono ndani unakuta fomu imekunjwa, kwa sababu anaona aibu, hataki wengine wajue kwamba hajui kusoma. Najaza, senti sichukui, namkabidhi kiatu na fomu yake, na shukrani ninazopewa, mshauri, hata mbunge hazipati.

Tatizo ni kile kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa. Karani hapokei fomu kikiwa wazi. Mwaka tulikuwa tunaupata kwa kuulizana, nani alimtangulia nani, daraja lilisombwa fulani akiwa anatambaa au ameshaanza kutembea, lakini siku na mwezi nani ajue?

Wa kwanza alikuwa mama mkwe wangu. Huyu mama naomba nimseme kidogo ili unielewe. Ni mjane, fundi cherehani, na nilipokwenda kuposa wajomba wote walikataa wakasema nanuka gundi, yeye akawajibu, "Kijana huyu anawashonea viatu hata wanaomtukana. Mimi nimempa." Ndiye alikaa wodini na mke wangu tulipopata binti yetu, ndiye wa kwanza kumbeba, ndiye aliyenitokea mlangoni akaniambia, "Baba, umepata mchumba," nikalia mbele za watu.

Miaka sita iliyopita alileta fomu yake, na yeye hakuificha kwenye kiatu, akaiweka mezani. Nikamuuliza, "Mama, ulizaliwa lini?" Akasema, "Baba, mimi nilizaliwa mvua inanyesha." Kisha akainamisha kichwa akawa anavingirisha futi yake ya kupimia, anaivingirisha, anaikunjua, mtu mzima yule aliyenipa mke anaona aibu mbele yangu kama mtoto aliyesahau daftari, na mimi nikashindwa kuvumilia, nikamwambia aniachie nitaifuatilia. Sikufuatilia popote. Niliandika tarehe tisa mwezi wa sita, siku aliyozaliwa binti yangu, kwa sababu ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote. Kesho yake nikamwambia, "Mama, nimeipata, iko kwenye daftari la zamani." Alinyamaza kidogo, akanitazama, halafu akacheka mpaka akajifuta macho na upindo wa kanga, akasema, "Kumbe mimi na mjukuu wangu siku moja! Ahsante, baba. Ahsante sana."

Tangu hapo kila tarehe tisa mwezi wa sita anavaa gauni alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo tu, anakuja kibandani na birika la chai, anawamiminia wateja wangu wote na kuwaambia, "Huyu mkwe ndiye aliyenizaa," na watu wanavunjika mbavu. Wengine waliposikia wakaja, na mimi nitafutie, na mimi nitafutie, na kila mtu nilimwandikia ileile, siku nyingine gundi ilikuwa inanikaukia mkononi sikuwa na nafasi ya kufikiri, na wao hawakujali, mtu anataka kitambulisho bwana. Wako ishirini na sita.

Sasa amekuja karani mpya, mchapakazi, kaingiza majina yote kwenye kompyuta, na kompyuta ikamwonyesha watu ishirini na sita wa mtaa mmoja waliozaliwa siku moja, mwandiko mmoja. Vitambulisho vyote vimezuiwa. Wanasema huenda ni watu hewa. Na mama mkwe ana mtoto wa jicho macho yote mawili, amesubiri mwaka mzima apangiwe upasuaji, amepangiwa mwisho wa mwezi ujao, na hospitali imesema kitambulisho kilichozuiwa hakipokelewi. Siku hizi hawezi kutunga uzi kwenye sindano, anamwita mjukuu amtungie, kisha anashona kwa kupapasa. Wiki iliyopita alishonea mkono wa kushoto wa gauni mahali pa mkono wa kulia, akasingizia kitambaa.

Kinyozi ananishauri nikomae tu, niwaambie kwetu watu huzaliwa kwa msimu kama maembe. Lakini mimi najua nikinyamaza mama anapoteza macho, na nikisema ukweli atajua kwamba ile siku niliitunga, kwamba amevaa gauni miaka sita kwa ajili ya uongo wangu, na nitakuwa nimemnyang'anya kitu pekee alichowahi kunishukuru kwacho mbele ya watu. Mama huyu amenipa kila kitu nilicho nacho. Nifanyeje?

Wako,
Fundi wa Kona

MSHAURI ANAJIBU

Fundi wa Kona, kama leo ni Jumamosi na mama watoto ndiye anayekusomea, najua hapa ameshusha gazeti anakutazama. Weka hicho kiatu chini usikilize.

Kwanza pokea pole, na upokee ahsante yangu. Umewabebea watu wako kalamu miaka yote hii, umewaondolea aibu ya dirishani, na hukumcheka hata mmoja. Si kila mtaa una mtu wa namna hiyo.

Sasa nikugombeze. Chini ya ile fomu pameandikwa kwamba yaliyojazwa ni ya kweli, na wewe unajua kusoma, tena ndiyo kazi yenyewe. Mara ya kwanza ulishikwa na huruma. Hizo ishirini na tano zilizofuata ulishikwa na uvivu, usiisingizie gundi. Na ulijua wazee wengine wanaweka kidole gumba pale chini kwa kukuamini wewe tu. Fomu isiyo na mahali pa mtu asiyejua siku yake ni fomu mbovu, nakubaliana nawe, na hilo litasemwa ofisini, lakini litasemwa na mtu aliyekwisha kukiri kosa lake. Na huyo kinyozi mwambie akate nywele.

Usisubiri kuitwa. Jumatatu nenda ofisi ya msaada wa kisheria, ile ya bure, ueleze kama ulivyonieleza mimi, bila kupamba. Watakusaidia kuandika maelezo kwamba tarehe uliiweka wewe, kwa nini uliiweka, na kwamba hukuchukua chochote kwa mtu yeyote. Hiyo ya mwisho ina uzito, kwa hiyo isisahaulike. Siwezi kukuahidi kwamba hutaonywa wala kufokewa. Utafokewa. Vumilia, umeshazoea kunuka gundi mbele ya wajomba.

Kisha muende ofisini wote ishirini na sita, siku moja, kwa pamoja. Karani anadhani ni watu hewa, basi awaone wanavyojaza benchi lake. Ombeni kabla, kwa barua, mpewe siku yenu na mtu wa kuwatafsiria, na kama hawana, mje na wenu, lakini asiwe wewe. Wewe siku hiyo ni mhusika, huwezi kuwa mkalimani pia. Barua iwe na nakala, na nakala igongwe muhuri mbele yenu. Kila mzee aje na chochote kinachomtaja: kadi ya kliniki ya mtoto wake, cheti cha shule cha mjukuu, barua ya mwenyekiti wa mtaa, na watu wawili waliomzidi umri au waliokua naye, wale wanaokumbuka daraja liliposombwa. Mwanasheria atawaandalia hati za kiapo. Na mnapoapa, apeni hivi: mwaka ni wa kukadiria, siku haijulikani. Hakuna aibu hapo. Aibu ingekuwa kuapa kwamba mnaijua.

Mama mkwe asisubiri haya yote yaishe. Chukua barua ya daktari yenye tarehe ya upasuaji, uombe ofisi iandike kwamba kitambulisho chake kinarekebishwa na kwamba mtu mwenyewe ameonekana kwa macho. Ipeleke hospitali wewe mwenyewe, kwa muuguzi anayepanga zamu za upasuaji, si kwa mlinzi wa getini. Ikikataliwa, omba sababu kwa maandishi, urudi nayo kwa mwanasheria siku hiyohiyo. Watu wachache mnasahaulika kirahisi kwa sababu mnajibiwa kwa mdomo na mnaondoka.

Na hiyo kalamu uigawe. Tafuta wanne au watano wenu wanaojua kusoma, wanawake wawemo, uwafundishe fomu zote unazozijua. Halafu wazee wanaopenda wafundishwe kusoma, hata kama ni kibandani, hata kama ni jina lao tu. Umewasaidia sana, fundi, lakini miaka yote hii bado wanaficha karatasi ndani ya kiatu.

Nimebakiza lile linalokunyima raha.

Unaogopa mama mkwe atajua. Hebu soma tena barua yako, maana wewe umeiandika lakini hukuisoma. Nani alikuwa wodini binti yako alipozaliwa? Nani alimbeba wa kwanza? Nani alikutokea mlangoni akakuambia umepata mchumba? Sasa unataka kuniambia kwamba bibi huyo hajui tarehe aliyozaliwa mjukuu wake? Uliposimama mbele yake na lile daftari lako la zamani, alinyamaza, akakutazama, ndipo akacheka mpaka akajifuta machozi. Umeniandikia mwenyewe. Halafu watu wengine ishirini na watano, majirani zake, anaowashonea nguo, wote wakazaliwa siku hiyohiyo, na yeye asishtuke? Fundi, wewe ni mtu mwema, lakini si mjanja kama unavyodhani.

Mama alijua palepale. Alijua kwamba hukuipata popote, na kwamba katika siku zote za mwaka ulimpa ile unayoipenda kuliko zote, ya mwanao. Hicho ndicho anachokushukuru na birika lake mkononi, na hilo neno lake kwamba wewe ndiye uliyemzaa, wateja wako walilichukua kama utani. Miaka sita amekutunzia siri yako ili wewe usione aibu mbele yake, kama wewe ulivyomtunzia yake. Sijawahi kupokea barua ambamo watu wawili wanaogopana kwa kupendana kiasi hiki, na nakushukuru kwa kuniletea.

Kwa hiyo humnyang'anyi kitu. Karatasini iandikwe kwamba siku haijulikani, kwa sababu ndiyo kweli, na kweli ndiyo itakayompitisha mlango wa hospitali. Tarehe tisa mwezi wa sita aendelee kuvaa gauni lake. Hakuna karani anayezuia watu ishirini na sita kunywa chai. Ila asisikie habari hii kwa mtu wa ofisi wala kwa kinyozi. Aisikie kwako, leo, kabla ya mwanasheria na kabla ya karani. Mwambie hivi tu: "Mama, ile siku nilikupa mimi." Kisha funga mdomo umsikilize.

Mama watoto, nawe umesikia. Kunja gazeti, mfungie kibanda, umpeleke kwa mama yako.