Wageni Mia Mbili, Wote Bubu

Jumapili, 3 Machi

Simu, andika. Kalamu hainijui, lakini mdomo ninao. Leo wageni mia mbili na kumi na mbili! Wamefungua ukurasa wangu wa kuuza mazulia kwenye mtandao, siku moja tu. Kijiji chetu chote hakifiki idadi hiyo, hata uhesabu na mbwa. Nimemwambia mdogo wangu Zélie kanisani. Akanishika mkono — Dada, utakuwa maarufu wewe! Nikarudi kwenye theluji natembea kama bibi harusi.

Ila kitu kimoja. Hakuna anayeulizia zulia. Hata mmoja. Mia mbili, na wote bubu?

Jumatatu, 4 Machi

Nimemwita Onésime. Kagawa barua hapa miaka thelathini, sasa kastaafu, ndiye aliyenitengenezea ukurasa. Kijiji kizima anayejua mambo hayo ni yeye tu. Marehemu mume wangu alikuwa akisema Onésime hapotezi barua za watu, anapoteza glavu zake mwenyewe — basi, hayo tuyaache.

Akafungua kile kihesabu wageni. Masikio mekundu. Kulikoni? Eti kuna ukurasa mwingine umebeba kihesabu changu, wanaoufungua ule wanahesabiwa kwangu. Eti kwenye orodha ya kurasa za kuhesabiwa ataandika anwani ya ukurasa wangu peke yake, nyingine zikija zisihesabiwe. Kabonyeza haraka haraka. Kahawa hakunywa. Onésime, kukataa kahawa!

Jumanne, 5 Machi

Wageni tisa.

Nimemfuata kwake. Nionyeshe huo ukurasa mwingine uliouzuia, la sivyo siondoki kwenye zulia lako na viatu hivi vya matope! Akafungua. Jina la Zélie juu, kubwa. Chini — picha ya mikono yangu! Kidole changu hiki, kilichopinda tangu nibanwe na mlango wa ghala. Na maneno yangu, jinsi mama alivyonifundisha kuvuta nyuzi za sufu kwa ndoano. Wakati huo Zélie alikuwa bado ananyonya!

Nani kamtengenezea, Onésime? Akatazama soksi zake. Mdogo wako aliniomba, Eulalie, akasema usiambiwe. Nikanakili wako wote, kihesabu nikasahau kukitoa.

Kusahau! Anachojutia huyu ni kusahau.

Jumatano, 6 Machi

Niko stoo, nanong'ona. Jumatano ni karata, sisi watatu, mwaka wa kumi na saba huu. Wamekuja kama kawaida. Zélie kaleta pai ya nyama. Hata koti hajavua — Dada, wageni wangapi leo? Kila wiki ananiuliza hivyo. Kila wiki namsomea kwa furaha, kumbe nilikuwa namsomea wageni wake mwenyewe.

Onésime akageukia dirisha. Nikasema nafuata chumvi.

Namsikia huko mezani. Dada, unaogopa kufungwa karata au unachimba hiyo chumvi? Anacheka. Kicheko hicho nimekilea mimi, mama alipofariki.

Chumvi ninayo mkononi, muda sasa.

Anaita tena. Dada, hujanijibu, wangapi?

Natoka kumjibu. Simu, wewe usizime, andika tu —