Kompyuta ya Baba Haitaki Mapambo

3 Machi

Mwanangu,

Natumaini hujambo huko kazini kwako. Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri.

Unasema niweke mfumo mpya wenye picha na madirisha yanayong'aa, kwa kuwa huu umepitwa na wakati. Sitaki. Kompyuta ya dukani inamzidi umri mdogo wako. Baba yenu alipoona inahema, aliivua mapambo yote, akaibakizia kioo cheusi na orodha fupi: andika, chapa, zima. Inawaka kabla sijakaa vizuri kitini. Wanaokuja kuchapa barua za kuomba kazi hawana muda wa kusubiri.

Huu ni mwezi wa pili tangu tumzike. Niachie kilicho chake.

Mama yako

19 Machi

Mama, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Mimi sijambo, baridi tu. Usikasirike ukikuta kompyuta imebadilika. Nilimtuma fundi, rafiki yangu wa shule, siku uliyokwenda kliniki. Mdogo wangu akamfungulia duka. Amekuwekea mfumo kamili, kila kitu kimo. Unaona picha, unabofya, basi. Sitaki uhangaike peke yako.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti limepona kwa hasira.

Fundi wako ana adabu, hata meza aliifuta. Lakini niliwasha, nikachemsha chai, nikainywa, picha bado zinajipanga. Mwalimu aliyeleta mtihani akaniuliza, "Mama Barua, mashine yako inasali?"

Hilo ningelivumilia. Saa ya kompyuta sikuivumilia. Baba yako aliiweka mbele dakika saba, kwa sababu mimi huchelewa kufunga duka na yeye hakupenda kula peke yake. Mfumo wako umeisahihisha. Niliitazama, nikaizima mashine.

Mlidhani sijui kitu. Alipokuwa anaugua aliniandikia daftari zima, hatua kwa hatua, kwa ile kalamu yake inayovuja. Jumapili nilijifungia dukani nikauondoa mfumo wako. Nilikosea mara mbili. Mara ya tatu kioo kikawa cheusi, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kila kitu kimo, unasema. Mimi nahitaji vitatu tu.

Mwambie fundi nimebadilisha kufuli.

Mama yako

30 Mei

Mama, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya, nilikuwa naona aibu. U mzima? Nilidhani nakupunguzia kazi. Kumbe niliogopa kurudi siku moja nikakuta duka liko vilevile na Baba hayupo.

Hapa ofisini wananicheka, saa ya kompyuta yangu iko mbele dakika saba. Nimewaambia asiiguse mtu.

Tafadhali nipigie picha daftari la Baba, unitumie.

Mwanao

14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima.

Daftari halipigwi picha na halitoki hapa. Njoo ulisome ukiwa umekaa kwenye kiti chake. Kufuli nitakufungulia mwenyewe.

Mama yako