Sauti ya Baba Haina "La"

Jumapili. Rasharasha tangu alfajiri, ile isiyonyesha wala isiyoacha. Majirani wameshaingiza mwani wao ndani mara mbili, na uani kwetu hapa Kiegeani kunanuka chumvi mbichi. Nimekaa barazani, kompyuta iko mapajani, imefungwa. Sina nguvu za kuifungua.

Wanaonisoma hapa mtandaoni wamezoea vituko vya wageni wa hoteli ya kule Utende ninakofanya kazi ya mapokezi. Leo naandika la nyumbani.

Baba yangu hana sauti.

Ilitolewa Dar es Salaam mwaka jana. Kooni kulikuwa na uvimbe, na daktari hakuzunguka: ama kisanduku cha sauti kitoke, ama ugonjwa ushuke chini. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Nitaweza kusali?"

Daktari akamwambia atasali moyoni.

"Basi toa," baba akasema.

Sasa anapumua kwa tundu lililo shingoni, analisitiri kwa kitambaa cheupe ninachomfulia mwenyewe. Akitaka neno, anaandika kwa chaki kwenye kibao.

Asiyemjua baba hawezi kuelewa ni nini hasa kilichotolewa siku ile. Uhuru ulimkuta yuko shule. Kiingereza alikifukuzia kwa karani mmoja wa mashamba ya minazi, akakishika kama mtu anavyoshika ufundi. Miaka ya Ujamaa akawa anafundisha watu wazima kusoma, jioni, kwenye banda la kukaushia mbata. Kina mama walitoka shamba la kijiji na majembe yao wakapitiliza darasani. Walikuwa wakiitikia "ba, be, bi, bo, bu" mpaka njiani mtu anasikia. Na walipokuja wataalamu wa kizungu kuwaambia wanakijiji habari za minazi, aliyesimama katikati ni yeye. Wazee wa hapa bado wananisimulia. Mzungu anamaliza maelezo marefu, baba anafumba macho kidogo, kisha anayatoa kwa Kiswahili kizima, na vichekesho vyake ndani.

Kwa hiyo tulipoambiwa tuna majuma machache kabla ya upasuaji, nilihangaika. Nilitaka kitu kibaki.

Hapo ndipo alipoingia Naoko. Huyu ni mgeni wa Kijapani aliyekuja kuzamia, akakaa hotelini kwetu siku nyingi kwa sababu alipata maji sikioni. Jioni hakuwa na la kufanya, akawa ananionyesha nyimbo anazotunga kwenye kompyuta. Aliyekuwa akiimba si mtu. Ni programu ya kwao: unairekodia silabi za mtu, moja moja, kisha unaandika maneno, nayo inaziokota silabi na kuzishona pamoja. Nilimuuliza kama inaweza kushona sauti ya mzee. Akaniangalia, hakuuliza kwa nini. Aliniwekea programu kwenye kompyuta yangu, akaniandikia silabi zote zinazotakiwa.

Tulirekodi chumbani kwa baba, dirisha limezibwa kwa godoro ili majogoo wasisikike. Silabi zilikuwa za Kijapani na mpangilio wake ni wao: a, i, u, e, o. Baba alisoma mstari wa kwanza, akavua miwani.

"Mpangilio gani huu, mwanangu? Ni a, e, i, o, u."

"Ndivyo wanavyoanza wao, baba."

"Wamechanganya," akasema, akavaa miwani, akasoma hivyo hivyo walivyochanganya. Ka, ki, ku, ke, ko. Alisoma kwa sauti ya darasani, akisimama kidogo baada ya kila moja, kama anayengoja kuitikiwa. Mimi nilikuwa nimekaa chini na sikuweza kumtazama.

Kijapani hakina "la". Hakina "tha", hakina "va". Sikuliwaza hilo. Niliona silabi nyingi nikadhani zimetimia.

Baada ya upasuaji, neno la kwanza nililolishona lilikuwa "marahaba". Ma, ra, ha, ba. Lilitoka zima. Watoto wa mtaani walipita na shikamoo zao, baba akabonyeza kitufe mwenyewe, na sauti yake ikawajibu kutoka kwenye kompyuta. Wakakimbia, kisha wakarudi kuamkia tena. Kwa muda nilijiona nimeshinda kitu.

Sasa niseme habari ya Leila.

Leila ni binti wa kaka yangu Seif. Seif alioa Uingereza, akaishi huko, ndoa ikavunjika, akarudi nyumbani kumwona baba akiwa na tiketi ya kurudia kwa mwanawe. Hakuitumia. Homa ilimwangusha, akalazwa Kilindoni, na baba ndiye aliyekuwa kitandani kwake saa ya mwisho. Mama yake Leila hakujibu ujumbe wetu hata mmoja. Mtoto akatupotea, tusijue yuko wapi.

Mwezi huu amejitokeza mwenyewe. Ameshakuwa msichana mkubwa, amenitafuta mtandaoni kwa jina la ukoo. Aliniandikia kwa Kiingereza, hana kingine. Baada ya salamu, akauliza: je, baba yake alimtaja kabla ya kufa?

Nilimsomea baba. Alishika chaki akaandika jibu kwa Kiingereza papo hapo, bila kufuta hata herufi. Kwa Kiswahili ni hivi: "Baba yako alikuulizia. Alisema, mwambieni nilikuwa nakuja."

Nikachukua simu nimwandikie Leila. Baba akaniwekea mkono juu ya simu. Akaandika chini ya jibu lile: "Nitamwambia mimi."

Nilielewa. Ameyapokea maneno yale kwa masikio yake, akayabeba miaka yote hii bila mwenyewe kupatikana. Yeye kazi yake maishani ni kuchukua neno la mtu na kulifikisha. Angelifikishaje kwa kidole cha mtu mwingine?

Basi nikaanza kushona Kiingereza kwa silabi za Kijapani.

Nilimaliza jioni zote za juma lile. Kiingereza kinapenda kufunga neno kwa konsonanti, na kila konsonanti niliyokuwa nayo ilikuja na irabu yake mgongoni. Nikiandika kadiri ninavyoweza, kompyuta ilisema: "Yua faza asuku foo yu. Hi sedo, teru haa, ai wazu kamingu." Niliikata "do" mpaka ikabaki mgoto tu, kama mtu anayegonga meza. Nilizivuta sauti, nikazibana, nikazishusha. Kadiri nilivyolazimisha ifanane na Kiingereza, ndivyo ilivyozidi kutofanana na baba. Nikiiacha ifanane na baba, haikuwa Kiingereza.

Na jina lenyewe. Niliandika Leila, ikatoka "Reira".

Laiti ningemwomba aseme "la" mara moja tu. Alikuwa nayo. Ilikuwa pale kooni, mimi nikiwa nimekaa chini na kinasa sauti.

Baba alisikiliza kila jaribio akiwa ameinamisha kichwa. Mwishoni aliandika: "Atafahamu. Ni mjukuu wangu."

Ijumaa baada ya sala tukapiga. Nilikuwa nimemfundisha Leila salamu kwa ujumbe, na sauti yake ilipokuja ilikuwa nyembamba, ina haya: "Shikamoo, Babu." Baba akabonyeza. "Marahaba." Kule upande wa pili nikamsikia anavuta kamasi. Alimtambua. Sijui alimtambuaje mtu ambaye hajawahi kumsikia, lakini alimtambua.

Baba akabonyeza sentensi yake.

Akabonyeza tena. Leila akaomba radhi, akasema hakushika vizuri, labda ni mtandao. Akabonyeza mara nyingine. Nami nimesimama pale nasikia kila kasoro kwa sikio la mtoto wa Kiingereza, na nilitamani umeme ukatike.

Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kwa Kiingereza chake:

"Shangazi, hicho ni Kiswahili?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Baba alisikia. Aliondoa kidole kwenye kitufe, akakifuta kwenye kikoi chake kama kimeshika mafuta.

"Nimwambie mimi, baba?" nikamnong'oneza.

Akatikisa kichwa. Hapana. Hata hivyo hakuwa amekasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Nikazungumza na Leila habari za shule na baridi ya kwao, nikamuaga. Akaomba nimtumie ile sauti ya babu aisikilize taratibu. Nikamtumia. Baba alikuwa ameshaingia ndani.

Jana hakuandika neno hata moja kibaoni.

Leo asubuhi, mvua imeanza, ujumbe wa Leila umeingia. Ameisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, ameirudia tena na tena. Maneno mawili ameyapata, na ana hakika nayo: baba, na kuja. Kwa kuwa baba yake ni marehemu, ameelewa kwamba babu ndiye anayekuja. Anakuja lini? Amekwisha kumwambia mama yake. Atamwachia babu chumba chake, kina dirisha linaloingiza jua.

Nilikaa jikoni nikiwa na simu mkononi mpaka chai ikachemka ikamwagikia moto. Nikimficha baba, nitamjibu nini mtoto? Nikimwonyesha, nitakuwa nimemvunja kwa mara ya pili ndani ya siku tatu. Sikuwa na njia ya tatu. Nikampelekea chai iliyobaki, nikampa na simu.

Alisoma mwenyewe. Kiingereza cha kusoma hakuna aliyemnyang'anya. Alisoma, akashusha simu, akaangalia mvua uani. Baadaye akavuta kibao. Chaki ilikuwa imeingia unyevu, ikawa haikamati, akaandika akirudia rudia juu ya herufi zile zile.

"Sema wewe."

"Kwa sauti yangu?"

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaongeza: "Usipunguze."

Nimempigia Leila pale pale, nisije nikaogopa. Kiingereza changu ni cha kuwaonyesha wageni chumba na bafu. Nilimwambia kwanza kwamba babu haji, mwili wake hauwezi tena safari. Nikamsikia anajaribu kusema "si neno". Nikamwambia kuwa maneno aliyoyasikia si ya babu, ni ya baba yake. Aliyasema hospitali. Kisha nikaitamka ile sentensi, polepole, huku baba amenikazia macho mdomoni kama alivyokuwa akiwakazia wanafunzi wake watu wazima. "Baba yako alikuulizia. Alisema, mwambieni nilikuwa nakuja." Sikupunguza. Sauti ilinikatika kwenye neno la mwisho nikalirudia.

Leila akalia, kilio cha mtu mzima, si cha mtoto. Akaniuliza kama anaweza kuzungumza na babu. Nikamkumbusha kwamba babu hawezi kujibu. Akasema anajua.

Nikaondoa spika, nikampa baba simu. Aliishika kwa mikono miwili, akaibana sikioni. Sikusikia alichoambiwa. Kilikuwa kirefu. Nilichoona ni baba akiitikia kwa kichwa, tena na tena, kwa adabu, kama anavyofanya mtu anapozungumzishwa na mkubwa wake. Machozi yalifika kwenye kile kitambaa cheupe, kikaloa.

Ghafla akanirudishia simu.

"Yupo?" Leila alikuwa akiuliza. "Bado yupo? Sisikii kitu."

"Yupo," nikamwambia. "Anakuitikia kwa kichwa muda wote huu."

Sijamuuliza baba aliambiwa nini, naye hajaandika. Amelala upande wake wa kulia, usingizi wa mchana, kitambaa nimekibadilisha. Leila amesema atapiga tena Ijumaa ijayo, na nimemwambia karibu, kana kwamba najua Ijumaa hiyo tutamfanyia nini.

Ninachojua ni kwamba baba atataka tena kumwambia jambo kwa sauti yake. Namjua. Nami nitakuwa sina cha kumpa ila silabi zile zile. Nimejaribu kuwaza kama kuna mtu mwingine duniani mwenye "la" ya baba yangu, kwenye kanda ya harusi, kwenye simu ya zamani, popote. Wazee waliosoma kwake wanayo vichwani, na haitoki huko.

Mvua bado. Kesho ninaingia kazini asubuhi, nitawapokea watu kwa Kiingereza. Nitakitamkaje sasa bila kusikia kila konsonanti niliyoikata kwenye sauti ya baba?